Tukishaambiwa Imesambaa

(Hotuba kwa familia zinazouguza wagonjwa wa saratani, iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa, Eastlands, Nairobi)

Mwenyekiti, mchungaji wetu, sheikh uliyekubali mwaliko, wauguzi, akina mama, akina baba na vijana: Bwana asifiwe, na asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni.

Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Oktoba, dunia huadhimisha siku ya hospisi na tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na kuisaidia familia yake kubeba mzigo. Ndiyo sababu tumekutana leo. Mimi si daktari. Nilifundisha shule ya msingi hapa Nairobi hadi nikastaafu, na nilimuuguza dada yangu mkubwa aliyekuwa na saratani ya matiti. Tangu afariki nimekuwa nikikaa na familia zilizopata habari kama ile tuliyopata sisi. Mengi nitakayosema nimeyachota kwao.

Familia nyingi hukumbuka neno moja tu katika yote aliyosema daktari siku ile: imesambaa. Yaliyofuata hawakuyasikia. Mama mmoja aliniambia aliona midomo ya daktari ikienda, basi. Kwa hivyo ukitoka hospitali ukiwa huelewi kitu, usijione mjinga. Omba miadi nyingine, mwende wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Daftari la kawaida la shule linatosha. Andikeni jina la saratani, imefika wapi, dawa gani zinatolewa, na nani wa kupigiwa simu mgonjwa akizidiwa usiku.

Kusambaa huko ndiko madaktari hukuita hatua ya nne, maana yake saratani imetoka pale ilipoanzia ikafika kiungo kingine, kama mifupa, ini, mapafu au ubongo. Mara nyingi ikifika hapo haiponi kabisa, na nisingependa mtu atoke ukumbini humu akidhani nimemwambia vingine. Lakini kutopona ni jambo moja, na kufa kesho ni jambo jingine. Kuna akina mama wenye saratani ya matiti iliyoingia mifupani wanaoishi nayo miaka, wakimeza vidonge vya homoni na kupata kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kwa vipindi. Saratani ya umio au ya kongosho kwa kawaida huenda mbio zaidi. Jirani yako akikuambia shemeji yake alikufa baada ya mwezi mmoja, mpe pole, kisha urudi kwa daktari wa mgonjwa wako, maana jirani anazungumzia ugonjwa wa mtu wake.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: dawa hii mnayotaka kumpa lengo lake ni nini? Ni kumponya, ni kumwongezea muda, au ni kumpunguzia mateso? Na kama ni muda, kwa kawaida ni muda wa kiasi gani, na atauishi vipi? Kitandani akitapika, au akiwa na nguvu za kukaa na watu wake? Daktari mwema hakasiriki akiulizwa hivyo. Akikasirika, muulize tena.

Nalisisitiza swali hili kwa sababu ya mashamba. Nimeona shamba la urithi likiuzwa mara tu majibu ya biopsi, kile kipande cha nyama kinachopimwa, yalipotoka, kabla mtu yeyote hajauliza dawa itanunua nini. Mapenzi ndiyo yaliyouza shamba lile, na siwezi kumlaumu mtu kwa kumpenda mama yake. Ila mama alifariki, watoto wakabaki na deni, na moyoni wakabaki na swali ambalo lingejibiwa kwa robo saa ofisini mwa daktari. Vivyo hivyo kuhusu safari za India. Wako waliosaidika kule, sikatai. Lakini kabla hamjafanya harambee ya tiketi, ulizeni kama matibabu yale yale yanapatikana hapa. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kuna kituo cha saratani. Kule Kahawa kuna Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kazi 2019, nayo ina PET skani, mashine ya picha inayoonyesha saratani imefika wapi mwilini, ambayo zamani watu waliifuata ng'ambo. Mgonjwa aliyechoka kukaa ndani ya ndege saa nyingi, kisha akalazwa mahali ambapo hajui lugha wala hana mtu wa kumletea uji, amelipa gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Na bima. SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, na wengi wetu bado tunajifunza njia zake. Jueni kwamba fedha za saratani huhesabiwa kwa kaya nzima kwa mwaka. Hakikisheni mchango umelipwa, na kabla ya kila duru ya kemo ulizeni dirishani kimebaki kiasi gani. Msingoje kuambiwa mgonjwa akiwa tayari ameketi kwenye kiti cha dawa.

Sasa niseme kuhusu upweke, kwa sababu habari hii ikiingia nyumbani kila mtu hujiona ni yeye peke yake Nairobi nzima. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2022 yalikuwa Wakenya zaidi ya 44,000 wanaogunduliwa na saratani kwa mwaka, na zaidi ya 29,000 wanaofariki kwayo. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Katika matatu unayopanda asubuhi huenda kuna mtu mwingine anayeelekea kliniki ile ile. Mnakumbuka Julai 2019? Katika mwezi mmoja tulimpoteza Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth, na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kwa saratani. Okoth alikuwa amejitokeza mapema mwaka huo akasema wazi anaumwa. Nakumbuka jinsi watu walivyoanza kuzungumza ghafla, kwenye vibanda, kwenye salun, kwenye foleni za benki: hata mimi mama yangu, hata mimi mume wangu. Mazungumzo yale yalikuwepo vifuani siku zote, yakikosa tu mtu wa kuyafungulia.

Dada yangu alikuwa fundi wa nguo Kayole. Uvimbe aliujua mapema akaunyamazia, kwa sababu kulikuwa na karo, kulikuwa na kodi, na uvimbe ulikuwa hauumi. Tulipofika hospitali ulikuwa umepasuka ukawa kidonda, na picha zilionyesha saratani imeshaingia mifupani na kwenye ini. Watu wakaanza kutukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nawasihi, methali hiyo ni ya kumwambia mtu mwenye afya ili aende kupimwa. Isitamkwe kando ya kitanda. Mgonjwa anaijua, na tayari ameshajihukumu nayo usiku kucha.

Nitasema jambo ambalo kwa kawaida halisemwi ukumbini. Kidonda cha saratani ya matiti hunuka. Dada aliacha kupanda matatu. Aliacha kwenda kanisani. Alijifunga leso juu ya leso, na wageni walikaa karibu na mlango wakanywa chai haraka wakaaga. Tulifungua madirisha, tukachoma udi, tukapulizia manukato, na nyumba ikawa na harufu mbili badala ya moja. Watoto wake wakaanza kula barazani. Maumivu yalikuwepo, lakini kilichokuwa kinamuua dada wakati ule ni aibu.

Ndipo mtu mmoja akatuelekeza kwa watu wa hospisi, na muuguzi akaja nyumbani. Hakuziba pua, wala hakukunja uso. Alivaa glavu, akaomba maji yaliyochemshwa na chumvi yakapoa, akaosha kidonda polepole huku akimuuliza dada habari za cherehani yake. Kisha akatoa vidonge vya metronidazo, hivi hivi ambavyo wengi wenu mmewahi kupewa kwa ajili ya tumbo, akaviponda kati ya vijiko viwili mpaka vikawa unga laini, akaunyunyizia juu ya kidonda na kukifunika kwa shashi safi. Alitueleza kwamba harufu ile inaletwa na vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa ile inaviua. Hakuna lililokuwa gumu, na vidonge vyenyewe ni vya bei nafuu. Baada ya siku chache harufu ilikuwa imepungua hata jirani akaja kuuliza tumefanya nini. Jumapili iliyofuata dada aliomba gauni lake la kitenge.

Hiyo ndiyo sura ya tumaini niliyokuja kuwasimulia. Saratani ilikuwa pale pale. Hakuna skani ambayo ingeonyesha tofauti. Lakini mwanamke aliyekuwa amejifungia ndani alitoka akakaa na watu, akasalimiwa kwa mkono, akarudi nyumbani amechoka na amefurahi. (Mfanye hivyo kwa kuelekezwa na muuguzi wenu, tafadhali, msikisie dawa wala vipimo.)

Neno hospisi linatutisha. Likitajwa, watu husikia kaburi, na mwana wa kiume husimama akasema, mnataka kumkatia mama tamaa? Nairobi Hospice ilianzishwa 1990, ya kwanza katika nchi hii, na kwa miaka yote hiyo wauguzi wake wamekuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani. Wazo lenyewe lilitoka kwa mwanamke wa London, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari kwa sababu aliona wanaokaribia kufa wanaachwa na maumivu yao. Alifungua hospisi yake 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini peke yake. Yako pia moyoni, yako katika hofu ya watoto watasoma vipi, yako katika maswali anayomuuliza Mungu. Ukitibu mfupa ukaacha karo, mfupa utaendelea kuuma. Wanaouguza hawahitaji kuelezwa mara mbili, mmeyaona hayo saa nane za usiku.

Kwa wanaodhani kuita hospisi ni kukata tamaa, nina habari moja ambayo ningependa mwende nayo nyumbani. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu yao waliunganishwa pia na tiba shufaa tangu mwanzoni. Hao waliounganishwa mapema waliishi kwa raha zaidi, huzuni nzito iliwapata wachache zaidi, na waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa kipimo cha kati, dhidi ya miezi 8.9 ya wenzao. Sisi huku tunawaita watu wa hospisi siku tatu za mwisho, mgonjwa akiwa hawezi tena kumeza. Waiteni siku ile ile mnayoambiwa imesambaa. Kemo iendelee, mionzi iendelee, nao wawepo.

Nikija kwenye mofini, najua kuna minong'ono. Mjomba wetu alisimama kwenye kikao cha familia akasema tutamfanya dada awe teja. Mjomba alisema kwa uchungu, na wengi hapa mna mjomba kama huyo, basi mkamweleze hivi. Mtu anayepewa mofini kwa sababu ya maumivu ya saratani, kwa kipimo cha daktari, ni nadra sana kugeuka mraibu. Na kwa kipimo hicho haimwui. Siku za kwanza inaweza kumtia usingizi mwingi, kisha usingizi hupungua. Itamfunga choo, karibu kila mgonjwa, kwa hivyo daini dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, msingoje mpaka tumbo lijae mawe. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya muda wa saa nne, na siri iko katika saa: mpeni kwa wakati wake hata kama hajaanza kulia. Ukingoja maumivu yapande ndipo utafute chupa, utayakimbiza usiku mzima bila kuyafikia. Binti ya dada alitega simu yake, akapima kwa bomba lisilo na sindano, akaandika kwenye daftari saa na kiasi, kwa mwandiko mzuri kuliko wa daktari. Alikuwa msichana wa sekondari. Kazi ile ilimpa kitu cha kufanya kwa mikono yake wakati ambapo watu wazima walikuwa wanalia jikoni.

Watoto na vijana tunawafukuza kwenye chumba cha mgonjwa tukidhani tunawalinda. Wao husikiliza mlangoni, na wanayojitungia ni mabaya kuliko ukweli. Mtoto mdogo aambiwe kwa maneno machache: mama ana kansa, haikuletwa na kosa lako, na huwezi kuambukizwa kwa kumkumbatia. Mara nyingi atauliza nani atamsuka Jumapili. Mjibuni, maana hilo ndilo swali lake.

Na mgonjwa mwenyewe? Nimekutana na familia zilizomwomba daktari asimwambie. Mume anajua, watoto wanajua, jumuiya nzima inajua, na mwenye mwili anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nawauliza, mnadhani hajui? Anaona kilo zinavyokwisha. Anaona nyuso zenu zinapobadilika akiingia. Mkimficha, mnamwacha abebe peke yake kitu ambacho nyote mnakijua, na mnamnyima nafasi ya kusema neno lake kuhusu watoto wake, shamba lake, deni lake la chama, na mahali anapotaka kuzikwa. Simaanishi mmvamie na takwimu. Muulizeni kwanza: unataka kujua kiasi gani? Wako watakaosema wanataka yote. Wako watakaosema, mwambieni mume wangu, mimi mniache nisali. Yote mawili ni majibu ya mtu aliyeulizwa.

Wazee walituambia mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli kwa uji, ulete tu. Lakini kwa mambo makubwa aulizwe. Kwetu ubishi mkubwa ulikuwa wa ushago. Wazee walitaka dada apelekwe nyumbani, akapumzike chini ya miti ya baba, na walisema kwa heshima na kwa mapenzi. Kila mtu alikuwa na maoni, mikutano miwili ilivunjika, mpaka shangazi yetu, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema: si yuko pale chumbani, kwa nini tusimwulize? Dada akasema anataka kubaki Kayole. Anataka kusikia mlio wa cherehani, na kuwa karibu na yule muuguzi. Ushago atakwenda akishafariki, hana haraka nayo. Mjadala ukaishia hapo.

Mkisikiliza hivyo mtaona tumaini linavyohama. Mwanzoni dada alitumaini kupona, na tulitumaini pamoja naye. Kemo ilipoacha kufanya kazi, akaanza kutumaini kuona matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya kijana wake. Akayaona. Kisha akataka kumaliza sare za wateja waliokwisha kulipa, na akazimaliza kwa kukaa na kukata huku binti yake akishona. Halafu akataka kumfundisha binti huyo kukata kola, kwa sababu kola ndiyo inayomtambulisha fundi. Mwishoni alitaka kulala usiku kucha bila maumivu, na usiku mwingi alilala. Kila moja la hayo lilikuwa tumaini kamili. Hakuna lililokuwa makombo ya lile la kwanza. Mimi nawaomba mrudi nyumbani leo mkamwulize mgonjwa wenu: wiki hii ungependa nini? Kisha mkilipata jibu, likiwa ni samaki wa Kisumu, likiwa ni kupatanishwa na kaka yake, likiwa ni kuota jua, mlifanye lile mnaloweza kulifanya kabla ya wiki kuisha.

Wachungaji na masheikh mlio hapa, nawaheshimu, na maombi yenu yalitubeba. Endeleeni kuomba uponyaji. Jambo moja tu nawasihi: mgonjwa asipopona, asiambiwe imani yake ilikuwa ndogo. Nimeona mtu aliyekuwa anakufa akitumia nguvu zake za mwisho kujitetea mbele ya Mungu anayempenda. Na yeyote atakayewaambia mwache dawa za hospitali mnywe unga wake, awe ni wa mitishamba au wa madhabahuni, mwombeni asaini kwanza karatasi kwamba atarudisha pesa. Mtaona jinsi anavyoondoka.

Sasa ninyi mnaouguza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hii ndiyo methali inayoeleza vizuri kile mlichokutana nacho. Kundi la WhatsApp limejaa pole, tuko pamoja, mikono iliyofumbatwa na picha za mishumaa, na wewe unafua shuka saa kumi alfajiri peke yako. Watu hao si wabaya. Wengi hawajui wafanye nini, na wakiuliza "tusaidie vipi?" tunajibu "mtuombee tu", wanaondoka wakiwa wamefarijika na sisi tumebaki na shuka. Wapeni kazi yenye jina na siku. Mama fulani, wewe Jumamosi uje na beseni. Kijana wa boda boda, Jumatatu utatuchukulia dawa hospisi. Wewe unayekaa karibu na shule, watoto wale kwako chakula cha jioni kila Jumatano. Mwenye gari ampeleke kliniki, na mwenye mdomo mzuri akapambane na watu wa bima. Kwetu kulikuwa na bibi mmoja asiyeweza kutoa senti wala kuinua ndoo. Tukamwomba akae na dada alasiri ili mimi nilale. Alikaa. Alikuwa anasinzia mwenyewe kwenye kiti, lakini alikaa, na mimi nililala.

Fedha za mchango asizishike yule anayeuguza. Mchague mtu mwingine wa kuandika na kutoa hesabu, msije mkauguza na kushukiwa kwa wakati mmoja. Na katika mchango huo itengwe nauli na chakula cha muuguzaji. Anayelala sakafuni hospitalini akila mandazi makavu atakuwa mgonjwa wa pili, na hakuna atakayekuwa na nguvu za kumwuguza.

Kuna mawazo yanayomjia muuguzaji ambayo anaogopa hata kuyafikiria. Anachoka hadi anatamani yaishe. Anamkasirikia mgonjwa kwa kukataa kula. Anamwonea wivu mtu anayecheka barabarani. Mama yangu, baba yangu, hiyo si dhambi, wala haimaanishi humpendi mtu wako. Umechoka. Tafuta wa kuzungumza naye. Hapa Nairobi wapo Faraja Cancer Support Trust, walioanza 2010, wanaotoa ushauri nasaha na huduma za faraja bila malipo kwa wagonjwa wa saratani na watu wao. Hospisi nazo hukaa na familia hata baada ya maziko, wakati wageni wamekwisha kurudi makwao na hema limerudishwa. Kama mgonjwa wenu yuko kaunti nyingine, chama cha hospisi nchini, KEHPCA, kinaweza kuwaelekeza kwenye huduma iliyo karibu naye. Na kuna vikundi vya wagonjwa na wauguzaji wenyewe. Nendeni hata kama hamna la kusema. Mara ya kwanza wengi hukaa tu wakasikiliza.

Dada alifariki nyumbani kwake, mchana, watoto wake wakiwepo na maumivu yakiwa yametulizwa. Tulilia sana, na bado nalia. Lakini nikikaa na kijana wake hajiulizi kama mama yake aliteseka hadi mwisho. Anajua, kwa sababu alikuwepo, na daftari la dawa analo.

Nimesema ya kutosha. Namkaribisha sasa dada muuguzi kutoka hospisi. Atawaonyesha jinsi ya kupima mofini kwa bomba, jinsi ya kuosha kidonda, na jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila wewe kuumia mgongo, na nimemwomba asiharakishe. Mkiwa na fomu za bima zilizowashinda, kijana aliyekaa pale karibu na jukwaa atawasaidia kuzijaza. Akina baba, naona mmejipanga ukutani nyuma kabisa. Sogeeni mbele, viti vipo, na kumgeuza mgonjwa kunahitaji mikono yenu. Asanteni sana.